Msimamizi kakataa 3.9114: shaka ya kipimo kwenye densiti ya alumina naikokotoaje?

mpima_vigae
Wakuu, habari za leo. Niko uzamili wa sayansi ya vifaa, Dar. Kipande cha alumina (kauri ya oksidi ya alumini) kilichotoka tanuruni nimekipima densiti kwa njia ya Arkimedi, yaani kukipima hewani kisha ndani ya maji. Hewani: 5.1236 g. Ndani ya maji ya nyuzi 25, mara tano: 3.8129, 3.8141, 3.8137, 3.8146, 3.8132. Mizani inasoma hadi 0.1 mg na cheti chake cha ugezi (kalibresheni) kimeandika ±0.3 mg (k = 2, yaani mchepuko sanifu uliozidishwa kwa 2). Kipimajoto ni cha ±1. Nikapata 3.9114 g/cm³. Ripoti imerudi na swali moja: shaka iko wapi? Nikaandika ±0.0001 kwa kuwa ndiyo desimali ya mwisho ya mizani, ikarudi tena. Naanzia wapi?

fundi_mizani
Mkuu, kabla ya shaka kuna kosa. Umeyahesabu maji kuwa 1.0000. Kwa nyuzi 25 maji safi ni 0.99705. Wastani wako ndani ya maji ni 3.8137, tofauti 1.3099, kwa hiyo 5.1236 ÷ 1.3099 × 0.99705 = 3.8999. Kosa unalolijua unalisahihisha, hulifichi ndani ya ±.

Sasa shaka. GUM, mwongozo wa kimataifa wa kueleza shaka ya kipimo, unagawa vyanzo kwa namna ulivyovipata: aina A ni vya takwimu za marudio yako, aina B ni vya cheti, vipimo vya kiwandani au uzoefu. Vyote viandike kama mchepuko sanifu (kiasi namba zinavyotawanyika), kisha vigeuze kuwa asilimia ya densiti:

Marudio ndani ya maji: mchepuko 0.68 mg, gawa kwa √5, unapata 0.30 mg. Hiyo gawa kwa 1.3099 g, si kwa 5.1236. Inatoka 0.023%. Hapa ndipo wengi huteleza: shaka inakaa kwenye tofauti, na tofauti ni ndogo.
Joto: ±1 gawa kwa √3 ni 0.58. Maji hupungua densiti kama 0.026% kwa kila nyuzi moja, basi 0.015%.
Cheti cha mizani: 0.3 ÷ 2 = 0.15 mg. Upande wa maji 0.011%, upande wa hewa 0.0085%.
Usomaji wa 0.1 mg: kama 0.002%, uache. Hiyo ndiyo uliyoiandika wewe peke yake!

Weka kila moja kipeo cha pili, jumlisha, tafuta kipeuo cha pili: 0.031%, yaani 0.0012 g/cm³. Zidisha kwa k = 2, unapata 0.0024.

koleo_na_uzi
Hesabu safi, ila tazameni chanzo kikubwa kinatoka wapi. Mizani ya 0.1 mg haina sababu ya kuruka 1.7 mg kati ya usomaji mmoja na mwingine. Kiputo cha kipenyo cha milimita moja kinainua kama 0.5 mg, cha milimita mbili kinafika 4 mg, na densiti inashuka. Chemsha maji yaliyokenekwa, yaache yapoe yakiwa yamefunikwa, tia tone moja la sabuni ya maji kwenye bika. Kipande kiingie kimelala upande, si bapa, kisha kiguse kwa brashi laini chini yake. Ndiko viputo hujificha.

Waya unaoning'iniza kipande nao. Pale unapokata uso wa maji, waya wa 0.2 mm unavutwa chini kwa karibu 4.6 mg. Ukiupiga sifuri kwanza (mizani isome 0 waya ukiwa majini bila kipande) nguvu hiyo inajifuta, lakini tu kama maji yanaupanda vilevile kila mara. Waya wenye mafuta ya vidole hauloani sawasawa, na hapo namba zinacheza. Ufute kwa alkoholi, tumia mwembamba kadiri utakavyoubeba, na usibadilishe kina cha maji baada ya kupiga sifuri.

pwani_metrolojia
Naongeza mawili. Hewa nayo inainua kitu. Pwani hewa ni takriban 0.0012 g/cm³, na fomula kamili ni (5.1236 ÷ 1.3099) × (0.99705 − 0.0012) + 0.0012 = 3.896. Sahihisho hilo la 0.0035 ni kubwa kuliko shaka nzima aliyoikokotoa fundi. Aliye Nairobi asinakili 0.0012, kule juu hewa ni karibu 0.00097.

Pili, usomaji ni mitano tu na ndio unaotawala. Nyuzi huru (si za joto, ni idadi ya taarifa huru zinazobeba makadirio ya shaka) zinatoka kama 12, hivyo k ya asilimia 95 ni 2.2, si 2. Andika: 3.896 ± 0.003 g/cm³, k = 2.2, pamoja na joto la maji. Ukigawa kwa 3.987 ya alumina isiyo na tundu unapata 97.7%, ile 3.9114 ya kwanza ingekupa 98.1%.

mpima_vigae
Asanteni sana wakuu. Kuna kipande kingine cha kundi hilihili, kilichochomwa nyuzi 1400 tu. Ndani ya maji namba inapanda taratibu, haitulii. Viputo?

koleo_na_uzi
Hapana, hicho kina vitundu vilivyo wazi na maji yanaingia. Wastani wa namba inayopanda hauna maana. Kikaushe kwenye oveni na ukipime kikavu (D), kichemshe kwenye maji saa 5, kiache humo saa 24, kipime kikiwa kimening'inia (S), kisha kifute na ukipime kilicholowa (W). Densiti ni D ÷ (W − S) × densiti ya maji, na vitundu wazi ni (W − D) ÷ (W − S). Kitambaa cha kufutia kiwe kimeloweshwa na kukamuliwa. Kitambaa kikavu kinanyonya maji ya ndani ya vitundu, W inashuka, nawe unaripoti densiti kubwa kuliko iliyopo.