Ziwa kijani alfajiri, picha ya satelaiti safi. Nani mkweli?

MamaBomba
Wakubwa shikamooni, wengine habari zenu. Mimi ni katibu wa kamati ya maji kijijini, upande wa Sengerema, Ghuba ya Mwanza, Ziwa Victoria. Mashine yetu inavuta maji ziwani, mita kama 60 kutoka ufukweni, tunatia klorini kwenye tenki, watu wanachota.

Wiki ya pili sasa, nikishuka saa kumi na mbili asubuhi kuwasha mashine nakuta maji kama mlenda uliolala. Mazito, yananuka majani yaliyooza. Mbuzi wawili wa jirani wamekufa. Sisemi ni maji, nasema wamekufa.

Mtoto wa dada yangu anayesoma Dar akaniambia, mama mdogo, picha za satelaiti ni bure, fungua Copernicus Browser. Nikafungua kwa simu, bando likakata mara mbili. Picha ya Jumanne: kwetu maji meusi, safi, ukijani uko mbali katikati ya ghuba. Na Jumanne hiyohiyo nilichota ukijani kwa ndoo hii! Mwenyekiti anasema satelaiti haikosei, mimi nakuza mambo. Tumwamini nani?

MzeeWaKarabai
Ndoo. Usiku wa kuamkia Jumanne tulikuwa kwenye dagaa, ziwa shwari kama chai kwenye sahani. Ziwa likitulia hivyo huo uchafu unapanda juu. Saa nne upepo wa ziwani ukaingia, ukauvuruga wote. Na asije mtu akasema ni magugu maji. Magugu tunayajua, yanakamata propela.

PikseliMoja
Shikamoo mama. Ndoo na satelaiti zote zimesema kweli, ila hazikuangalia kwa wakati mmoja. Sentinel-2, satelaiti iliyopiga picha yako, inapita kwetu saa tano asubuhi na dakika zake. Wewe umechota saa kumi na mbili. Hivi vijidudu vya kijani, sianobakteria, vina vifuko vya hewa ndani, ndiyo maana maji yakitulia vinaelea kama rangi iliyomwagika. Mzee hapo juu amekueleza upepo ulifanya nini kabla satelaiti haijafika.

Halafu ufukweni ndipo satelaiti inapoona vibaya. Pikseli za Sentinel-2, yaani nukta za picha, zina upana wa mita 10 mpaka 60, na mng'ao wa majani ya nchi kavu unachafua zile za karibu. Satelaiti nyingine, Sentinel-3, ndiyo yenye jicho la kazi hii, ina mkanda wa mwanga wa nanomita 620 unaokamata rangi ya pekee ya sianobakteria, na inapita karibu kila siku. Ila pikseli yake ni mita 300: bomba lenu, ufukwe na shamba la mihogo vyote nukta moja. Itumie kujua ghuba inaelekea wapi wiki hii. Ukiona ukijani umejaa katikati, jua upepo ukigeuka ni wenu.

Jambo kubwa: hakuna satelaiti inayoona sumu. Inaona rangi tu. Agosti 2014 mji wa Toledo, Marekani, unaokunywa maji ya Ziwa Erie, watu karibu nusu milioni waliambiwa wasinywe maji ya bomba. Satelaiti zilikuwa zinalitazama ziwa lile miaka mingi, lakini tangazo lilitoka baada ya kupima maji maabara. Kiwango cha WHO cha maji ya kunywa kwa mikrosistini-LR, sumu ya sianobakteria, ni mikrogramu 1 kwa lita.

JiraniWaDunga
Mama, salamu kutoka Kisumu, huku Ghuba ya Winam, ziwa hilihili, tumezoea rangi hiyo. Usiwaambie watu wachemshe! Kuchemsha hakuondoi hiyo sumu, maji yakipungua sufuriani inakolea zaidi. Na klorini ukiitia kwenye maji mazito hivyo unapasua vile vijidudu, sumu inamwagika tangini. Jaribu hivi: jaza chupa safi inayoonyesha ndani, usiijaze mpaka mdomoni, iache itulie usiku mzima. Ukijani ukipanda juu kama krimu, shuku sianobakteria. Ukishuka chini, pengine ni mwani wa kawaida. Ila chupa haipimi sumu, na usiguse kwa mkono mtupu.

PikseliMoja
Sahihi. Mama, asubuhi kukiwa na utando msiwashe mashine, na mbuzi wazuiwe. Mdomo wa bomba usogezwe mbele na uzamishwe, usinyonye juu wala usiguse tope. Sampuli ipelekwe maabara ya maji. Mpaka majibu yaje, ya kunywa yatoke kisimani au maji ya mvua.

MamaBomba
Asanteni wanangu, na wewe mzee wa karabai. Chupa imelala dirishani, asubuhi juu kuna kijani upana wa vidole viwili, chini maji meupe. Mashine nimezima, nimetukanwa na wauza maji wa baiskeli na wasiouza. Sampuli imepanda kivuko leo.

Chupa nikaipeleka kwenye kikao. Mwenyekiti akaigeuza, akaigeuza tena. Kisha akauliza bomba la inchi mbili mita moja ni shilingi ngapi siku hizi.