Sanduku la bati la baba na miaka yake East African Airways: tuanzie wapi?

Binti wa Embakasi
Habari za jioni, wapendwa. Marehemu baba alikuwa fundi wa ndege wa East African Airways, shirika la pamoja la Kenya, Uganda na Tanzania, karakana ya Embakasi, Nairobi, hadi shirika lilipovunjika mwaka 1977. Mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa mwaka huohuo, nasi tukarudi Dar na nguo, spana zake na sanduku moja la bati. Sasa liko kwangu Temeke. Ndani mna picha, ratiba za safari na daftari lake la kazi, lenye alama za vidole vya grisi pembeni mwa kila ukurasa. Ukilifunua linanuka mafuta ya taa, harufu aliyokuwa akirudi nayo nyumbani kila jioni.

Tumeshakuwa sita, watoto na wajukuu wa waliofanya kazi pale, na tunataka kuunda chama cha kujitolea cha kuhifadhi historia hii. Wenzangu wanasema tusajili kwanza, tutafute ofisi. Mimi moyo unakataa. Mwezi uliopita nilipeleka steshenari picha ya baba akiwa chini ya mkia wa ndege ya Super VC10, injini mbili kila upande, wakaipiga laminesheni. Joto likaibabua usoni pake. Nimelia kama siku ya msiba. Sitaki nyingine iharibike.

Mtunza Nyaraka
Pole sana dada. Laminesheni basi, na selotepu usiiguse kabisa. Picha zitenganishe kwa karatasi safi, si mifuko ya plastiki, na sanduku lisikae sakafuni, hasa masika. Kama kuna negativu zinazonuka siki, zitoe haraka, uziweke mbali: zimeanza kuoza na zitaharibu nyingine. Skani kwa nukta 600 kwa inchi, upande wa nyuma pia, maana mara nyingi maandishi ya nyuma yana thamani kuliko picha yenyewe.

Halafu tazama herufi za usajili ubavuni mwa ndege. VR-T ni Tanganyika ya mkoloni, VP-K Kenya, VP-U Uganda. Baada ya uhuru zikawa 5H, 5Y na 5X. Hapo umeshapata umri wa picha bila kumuuliza mtu.

Mpakiaji Mstaafu
Mwanangu, mimi nilipakia mizigo uwanja wa Dar. Fokker Friendship tuliipenda: mabawa yako juu, tumbo liko chini, mzigo unauingiza bila kuhangaika na ngazi ndefu. Hayo hayamo kwenye ratiba yoyote.

Usajili utafanyika, Wizara ya Mambo ya Ndani haihami. Lakini aliyekuwa kijana wa miaka 25 shirika lilipokufa, leo amepita sabini. Mwaka jana tumezika wawili. Nendeni kwa wazee na picha, muwape mkononi, kisha mnyamaze. Mkija na karatasi ya maswali watawajibu kama wako polisi.

Na msiishie Embakasi. Mimi ni wa Lindi. Baba yangu alinisimulia ndege za Imperial Airways, shirika la Uingereza, zilizotua majini pale bandarini kwetu, zikielekea Durban, kuanzia 1937. Nani ameyaandika hayo kwa Kiswahili?

Kijana wa Ughaibuni
Dada, huenda baba yako aliigusa 5H-MOG. Ndiyo VC10 ya mwisho kabisa kutengenezwa, na ilikuwa ya East African Airways, yenye usajili wa Tanzania. Shirika lilipovunjika ilirudi Uingereza, jeshi la anga likaigeuza ya kujazia ndege nyingine mafuta angani. Ilitua uwanja wa Dunsfold hukohuko Uingereza kwa mara ya mwisho Septemba 2013, ikachukuliwa na makumbusho ya Brooklands. Watu wa kujitolea ndio wameitunza. Wana bomba na waya zote, ila mikono ya mafundi wa Embakasi hawana. Hiyo mnayo ninyi.

Binti wa Embakasi
Asanteni nyote. Nimefungua daftari sasa hivi, na ukurasa wa 14, kwa penseli yake, ameandika "MOG, gurudumu la kushoto". Nimekaa chini kwanza.

Mzee, shikamoo. Jumapili tuje kwako saa ngapi? Nitabeba picha za Friendship, na sitauliza kitu.

Mpakiaji Mstaafu
Marahaba mwanangu. Njooni saa nne, baada ya ibada. Nitamwita na mwenzangu wa zamu, bado anatembea.