Klim ya magurudumu, ya ukutani au ya maji? Chumba cha mama, Bel-Air, Lubumbashi

Mtoto wa Bel-Air
Jambo yenu wote. Natafuta klimatizeri (klim), mashine ya kupoza hewa, ya chumba cha mama mzazi, naomba mnilinganishie ninyi mnaozitumia. Chumba ni mita 3 kwa 3 na nusu, kiko nyuma ya nyumba: matofali ya kuchoma, mabati juu bila plafo (dari), dirisha moja la nako, vile vioo vya vipande vinavyofunguka, lenye antivoli (vyuma vya kuzuia wezi), tena linatazama upande wa jua kuzama. Mama amepita miaka 70 na ana presha. Mchana anakaa chini ya mwembe, hana shida. Taabu ni jioni, akiingia kulala chumba bado kinawaka mpaka karibu saa sita usiku.

Tumepanga, na bayeri, mwenye nyumba, amekataa kabisa ukuta utobolewe. Kuran (umeme) inakuja na kuondoka, na ikija jioni taa zinafifia mpaka zinakuwa nyekundu. Tuna grupu (jenereta) ndogo ya petroli ya kVA 2.5. Mdogo wangu anashuka Kasumbalesa, mpakani na Zambia, wiki ijayo na anaweza kuniletea kitu. Nimeonyeshwa vitu vitatu: ile ya magurudumu yenye bomba, ya BTU 12,000 (BTU ni kipimo cha nguvu ya kupoza), ile ya ukutani ya inverter, ya BTU 9,000, na ile ya kutia maji, ambayo bei yake iko chini kabisa. Ipi?

Fundi Baridi
Baba, aksanti kwa kueleza chumba kwanza, wengi wanauliza bei tu.

Ile ya ukutani imegawanyika vipande viwili, sehemu inayotoa moto iko nje. Ya magurudumu imebeba kila kitu ndani ya sanduku moja, nalo liko chumbani pamoja na mama. Moto wake lazima utoke kwa bomba. Nyingi zina bomba moja: zinachukua hewa ya chumbani, ile ambayo umekwisha kuipoza kwa pesa yako, zinaipitisha kwenye sehemu ya moto na kuitupa nje. Hewa iliyotoka lazima nyingine iingie mahali pake. Itapita chini ya mlango, kwenye nyufa za nako, na kwako bila plafo itapita pale mabati yanapokutana na ukuta. Hewa hiyo inayoingia ni ya moto. Na bomba lenyewe linachemka, linapasha chumba huku mashine inakipoza. Zipo za mabomba mawili, zinazovuta hewa ya nje kupoza sehemu ya moto, hizo ni afadhali sana, lakini madukani kwetu sizioni mara nyingi.

Kwa hiyo usisimame kwenye 12,000 iliyoandikwa katoni. Mashine za soko la Marekani siku hizi zinaandikwa namba mbili, na ya pili inahesabu hasara ya bomba na ya hewa inayoingia. Ile ya 12,000 mara nyingi inashuka hadi 7,000 au 8,000. Kwa mita zako kumi na nusu zingetosha, kama chumba kingekuwa kimefungwa. Hakijafungwa.

Umeme: ya magurudumu ya ukubwa huo inakula wati 1,200 hivi, na inazila muda wote kompresa, ile pampu ya gesi ya kupoza, ikizunguka. Ya inverter ya 9,000 inaanza karibu na wati 800, chumba kikipoa inajishusha hata chini ya 300. Ningekuwa na ruhusa ya kutoboa ukuta nisingefikiri mara mbili.

Taa nyekundu ndizo zinazonitia hofu. Volti zikishuka hadi 160 au 170, kompresa inavuta ampea nyingi kupita kiasi, inachemka, na waya zake za ndani zinaungua. Usiiwashe bila stabilizateri, kifaa cha kusawazisha volti, na iwe ile inayosubiri dakika tatu kabla ya kurudisha kuran ikikatika. Mwezi wa kumi umeme wetu wa maporomoko unakuwa dhaifu, mito iko chini, mvua haijaanza. Joto na udhaifu wa kuran vinakuja pamoja kila mwaka, nunua ukijua hivyo.

Na grupu: tuko mita 1,200 hivi juu ya bahari, hewa ni nyepesi, injini ya petroli inapoteza zaidi ya sehemu moja ya kumi ya nguvu yake. Kompresa ya kawaida wakati wa kuanza inavuta mara tatu hadi sita ya mkondo wake. Kva zako mbili na nusu zinaweza kushindwa kuiwasha ile ya magurudumu, hasa ukiwa na friji kwenye laini hiyo hiyo.

Mama Ruashi
Fundi amesema kweli yote, lakini mtu aliyepanga hana ukuta wake. Mimi ninayo ya magurudumu, ya bomba moja, na nimeshahama nayo nyumba. Ya ukutani ningemwachia bayeri matundu na kugombana naye.

Nako zinatatuliwa hivi: toa vioo vitatu vya chini, kata tripleksi (ubao mwembamba wa tabaka) ya kipimo cha nafasi hiyo, toboa duara la bomba, rangi kidogo ili mvua isiiharibu. Vioo vifungie vizuri kwenye karatasi, siku ya kuhama unavirudisha. Antivoli haizuii, bomba halihitaji kutoka nje kabisa, mdomo wake ukifika kwenye tripleksi inatosha. Ziba pembeni kwa sponji. Bomba liwe fupi na lililonyooka, hiyo ndiyo nusu ya kazi. Wengine wanalivuta mpaka mwisho na kulikunja nyuma ya kitanda, halafu wanasema mashine mbaya.

Kelele ipo. Mtoto mdogo kwangu halali nayo. Naiwasha saa moja jioni, nikiingia kulala naizima, nabaki na vantilateri (feni).

Yaya wa Kinshasa
Mimi mtoto wa Lubumbashi ila naishi Kinshasa. Ile ya maji msiiguse! Niliiweka chumbani, asubuhi shuka zilikuwa na unyevu na jasho lilikuwa lile lile. Ni vantilateri iliyovishwa nguo nzuri. Pesa ya bure.

Mwalimu Kasapa
Yaya, kwa Kinshasa una haki. Kwa Lubumbashi mwezi wa tisa na wa kumi, hapana, na ningependa jambo hili lieleweke, kwa sababu watu wengi hapa wanatupa mashine nzuri kwa neno lililotoka mji mwingine.

Maji yakiwa mvuke yanabeba joto. Lita moja ikikauka inaondoa katika hewa joto la kama kilowati-saa 0.67. Hiyo ndiyo kazi yote ya mashine ile: feni inapitisha hewa kwenye pedi iliyolowa. Lakini maji yanakauka haraka pale tu hewa ilipo kavu. Kinshasa hewa imeshiba maji, pedi inabaki imelowa na hakuna kinachopoa. Kwa digrii 28 na unyevu wa asilimia 80, hata pedi nzuri haiwezi kukushushia zaidi ya digrii mbili hivi.

Sisi tuko vingine. Joto letu linakuja mwisho wa kiangazi, kabla ya mvua, mchana digrii 32 au 33, na vumbi la shamba liko hewani. Chukua digrii 32 na unyevu wa asilimia 30: pedi nzuri inaweza kutoa hewa ya digrii 23 au 24 mdomoni mwa mashine. Mvua zikianza, mwezi wa kumi na moja, haina kazi tena, lakini na joto lenyewe limepungua. Kiangazi cha mwezi wa sita na wa saba sisi tunatafuta blanketi. Yaani ile mashine inafaa majuma yale yale tunayoihitaji. Wati zake ni 60 hadi 100.

Kuna sharti moja ambalo wauzaji hawalisemi: dirisha liwe wazi. Klim inataka chumba kifungwe. Ya maji inataka hewa iingie kavu na itoke mbichi. Iweke karibu na dirisha au mlango ivute hewa ya nje, na upande wa pili pawe na njia ya kutokea. Ukiifungia ndani, baada ya saa moja umejitengenezea Kinshasa chumbani.

Na jihadharini na visanduku vidogo vya mezani vinavyouzwa kwa jina la klim. Kitu kisicho na bomba la kutoa moto nje si klimatizeri, hata kikiandikwa nini. Ni cha maji, na kile kidogo cha mezani hakiwezi chumba.

Kijana Katuba
Jambo baba. Kwetu Katuba kuran inakuyaka usiku sana, siku ingine haikuye hata. Miye niko na batri moja ya 12 V, 200 Ah, na konvertiseri, ile inageuza umeme wa batri kuwa wa nyumba. Batri hiyo usiiteremshe kupita nusu, kwa hiyo inakupa kilowati-saa 1 na kidogo. Ile ya magurudumu itaimaliza ndani ya saa moja. Ya maji ya wati 80 inapitisha usiku muzima. Kwa mutu wa batri, hakuna mashindano hapo.

Mtoto wa Bel-Air
Aksanti sana, mwalimu, mama, mukubwa fundi. Sasa nina swali lingine: kwa presha ya mama, hewa ya maji haitamdhuru? Majirani wanasema italeta homa ya mapafu.

Muuguzi Kamalondo
Baba, kinachomdhuru mzee ni joto lenyewe. Mzee hasikii kiu haraka, na mwili wake unachelewa kutoa jasho. Kama kati ya dawa za presha kuna za kukojolesha, anapoteza maji zaidi. Usimkatishe dawa wala kumpunguzia kwa sababu ya joto, mpelekee daktari wake swali hilo. Mpe maji kidogo kidogo mchana kutwa bila kungoja aombe. Kitambaa kilicholowa shingoni na mikononi, mbele ya vantilateri, kinasaidia kuliko watu wanavyofikiri, kwa sababu hiyo hiyo aliyoieleza mwalimu. Ila chumba kikipita digrii 40, vantilateri peke yake inampulizia moto, mtoe humo. Akianza kuchanganya maneno, au ngozi ikiwaka na hataki kuamka vizuri, msingoje asubuhi, ni hospitali.

Kuhusu mapafu, ogopa uchafu. Maji yaliyolala siku nyingi kwenye tangi yanaota ute na harufu, na hayo yanapuliziwa usoni mwa mzee. Mwaga kila siku, osha tangi, kausha pedi kabla ya kuiweka akiba. Maji ya foraji (kisima cha kuchimbwa) mengi hapa yana chokaa, pedi itakuwa nyeupe na ngumu. Loweka kwenye siki. Na hewa isimpige kichwani moja kwa moja usiku kucha.

La mwisho, nalisema kwa moyo wote: grupu isiwekwe kwenye baraza wala chini ya dirisha lake. Moshi wake una gesi isiyo na harufu inayoua watu usingizini. Iwe mbali, uani, na moshi utazame upande mwingine. Hapo ndipo tripleksi yenye tundu inabidi izibwe kweli kweli.

Fundi Baridi
Mwalimu amenisaidia, nami nirudi kwenye mabati, maana tunalinganisha mashine na adui yuko juu ya kichwa cha mama. Bati lisilo na plafo adhuhuri linapita digrii 60. Linamulika joto chini kama jiko lililogeuzwa, na matofali yanalinyonya mpaka magharibi. Ndiyo sababu chumba kinawaka hadi saa sita usiku ilhali nje kumekwisha kupoa. Usiku wetu wa mwezi wa kumi unashuka chini ya digrii 20! Baridi ya bure iko nje ya dirisha.

Ningemwomba bayeri ruhusa ya plafo kabla ya kununua chochote. Hatoboi mtu ukuta, na nyumba yake inapanda thamani, wengi wanakubali ukigharamia tripleksi na mbao mwenyewe. Acha nafasi ya hewa kati ya plafo na bati, na matundu yenye wavu pande mbili ili joto litoke. Kama hata hilo hataki, rangi nyeupe juu ya bati. Dirisha la magharibi liwekee mkeka au kitenge kizito kwa nje, tangu saa nane mchana. Kwa nje, si ndani: jua likishapita kioo limekwisha kuingia.

Baada ya hayo, vantilateri dirishani ikitazama nje, saa moja jioni, inatoa hewa ya moto na ya baridi inaingia mlangoni. Wati 50.

Mama Ruashi
Fundi, mlango wazi saa moja jioni ni mbu na ni wezi. Kwetu Ruashi sithubutu.

Fundi Baridi
Mama, ni kweli. Wavu wa mbu kwenye fremu mlangoni na mtu akae barazani saa hiyo. Anapoingia kulala, mlango unafungwa, nako zinabaki wazi nyuma ya antivoli, naye yuko ndani ya chandarua.

Yaya wa Kinshasa
Mwalimu, nimekuelewa. Lakini baba akihamia Kinshasa kesho, ya maji haitamfaa, ya magurudumu itamfaa kila mahali. Hilo nalo lihesabiwe.

Mwalimu Kasapa
Lihesabiwe, Yaya. Kalemie na Kinshasa ningenunua ya kompresa. Baba anauliza Bel-Air, chumba chenye mwanya juu, kuran dhaifu, grupu ndogo. Mashine inayohitaji chumba kilichozibwa na umeme imara inaanza imeshindwa.

Mtoto wa Bel-Air
Nimezungumza na bayeri leo jioni. Plafo amekubali, mradi tripleksi ibaki tukihama. Kwa hiyo pesa inaenda kwanza kwenye mbao, mkeka wa dirisha na ile ya maji ya lita nyingi, si ya mezani. Ya magurudumu naiacha kwanza; plafo ikishakaa na volti zikiboreka nitaifikiria tena, na hapo nitatafuta ya mabomba mawili. Mama mwenyewe amefurahia zaidi habari ya plafo, anasema mvua nayo itaacha kumpigia kelele.

Swali dogo: mdogo wangu akinunua Kasumbalesa upande wa Zambia, prizi si zile za miguu mitatu ya pembe?

Fundi Baridi
Ndizo. Kwa ya maji ya wati 80 adapta inatosha. Siku utakayonunua ya kompresa, usitumie adapta wala ralonji (waya wa kurefusha) nyembamba, zinayeyuka. Kata kichwa, weka prizi ya kwetu, na laini yake peke yake ya waya wa milimita 2.5 yenye disjonkteri yake, ile swichi inayojikata umeme ukizidi. Mdogo wako aiombe dukani waiwashe mbele yake na maji ndani, aguse pedi: ilowe yote mpaka pembeni. Pedi inayolowa katikati tu, pampu yake ni dhaifu, aiache hapo hapo.