Futi 5 inchi 8 ni sentimita ngapi? Napata majibu mawili

Kijana_wa_Randa

Shikamooni mafundi. Najifunza useremala, na nimepewa mchoro wa kabati la vitabu wenye futi na inchi tupu. Mashine ya kukatia imeandikwa milimita, kwa hiyo nataka kubadilisha mchoro mzima kabla sijagusa ubao.

Kimo ni futi 5 inchi 8. Kwenye kikokotoo nimezidisha 5.8 kwa 30.48, nikapata sentimita 176.8. Halafu nikavuta tepu mpaka futi 5 inchi 8, nikatazama upande wa pili: 172.7. Nimerudia mara tatu. Hizo sentimita 4 zimetoka wapi? Tepu yangu ni mbovu?

La pili, mchoro unataka plaiwudi futi 42 za mraba. Najua mita moja ni futi 3.28, nikagawanya, nikapata mita 12.8 za mraba. Naona ni nyingi mno kwa kabati moja.

Seremala_Mkongwe

Marahaba mwanangu. Tepu yako ni nzima, iamini. Kilichokuponza ni ile nukta. Futi ina inchi 12, si 10, kwa hiyo futi 5 inchi 8 haiandikwi 5.8. Saa 5 na dakika 30 ungeiandika saa 5.3? Hapana, ni tano na nusu. Hapa vilevile: 8 gawanya kwa 12 ni 0.667, basi urefu wako ni futi 5.667.

Mimi lakini sipiti njia hiyo. Geuza kila kitu kiwe inchi kwanza: 5 mara 12 ni 60, ongeza 8, unapata 68. Zidisha kwa 25.4, milimita hizo, umemaliza. Visehemu navyo vigeuze kabla ya kuzidisha: robo ni 0.25, thumuni ni 0.125, thumuni tatu ni 0.375.

Na hiyo 25.4 usiipunguze. Si makadirio. Mwaka 1959 Marekani, Uingereza, Kanada, Australia, New Zealand na Afrika Kusini zilikubaliana kwamba inchi ni milimita 25.4 kamili, hakuna desimali nyingine inayofuata. Nasisitiza kwa sababu mimi nilifundishwa kwamba inchi ni sentimita mbili na nusu, nikaishi na hesabu hiyo miaka. Kwenye kitu kidogo haionekani. Siku moja nikaletewa kazi ya milango minne ya inchi 80. Nikazidisha kwa 2.5, nikapata sentimita 200, na kwa kuwa jibu lilikuja zima namna ile nikaliona ni sahihi kabisa. Nikakata yote minne. Kumbe inchi 80 ni sentimita 203.2. Nilipousimamisha wa kwanza kwenye fremu, vidole vyangu vilipita chini yake bila kugusa. Nikaunga vipande kwa gundi na vijiti, nikapiga msasa, nikapaka rangi, lakini mwanga ukipita chinichini ile mistari ya maungio ilikuwa inaonekana. Mwenye nyumba hakusema kitu. Mimi niliiona kila nilipopita pale.

Kuhusu plaiwudi: 3.28 ni ya urefu. Eneo lina urefu na upana, kwa hiyo unagawanya mara mbili. Chora mraba wa mita moja chini, uupime kwa futi: 3.28 huku, 3.28 huku, zidisha upate 10.76. Gawanya 42 kwa 10.76, unabaki na mita 3.9 za mraba. Ulivyohisi kwamba ni nyingi mno ulihisi sawa, na hisia hiyo uitunze, kikokotoo hakina.

Fundi_Ndege

Heshima yako mzee. Mdogo wangu, niongeze moja tu: kila namba iandikie kipimo chake pembeni, hata kama unajiandikia mwenyewe.

Tarehe 23 Julai 1983 ndege ya Air Canada, safari namba 143, aina ya Boeing 767, iliishiwa mafuta ikiwa juu futi 41,000. Mita za mafuta hazikuwa zikifanya kazi, hivyo kabla ya kuruka walipima tangi kwa kijiti na kupata lita. Lita wakazizidisha kwa 1.77 wakiamini jibu ni kilo. Lakini 1.77 ilikuwa ratili (paundi, ambayo haifiki nusu kilo) kwa lita. Kwa kilo ilitakiwa iwe kama 0.8. Wakaondoka na chini ya nusu ya mafuta waliyodhani wanayo. Rubani Robert Pearson aliiteremsha bila injini kwenye uliokuwa uwanja wa jeshi la anga, Gimli, na watu wote 69 wakatoka hai. Kuzidisha kwenyewe kulikuwa sahihi. Lile neno pembeni ya 1.77 ndilo halikuulizwa.

Kijana_wa_Randa

Asanteni sana. Nimepiga upya, nikaandika kipimo kila mahali. Kimo inchi 68, milimita 1727.2. Upana futi 3 inchi 4½, yaani inchi 40.5, milimita 1028.7. Kina cha rafu inchi 11¼, milimita 285.75. Mzee, hizo desimali nazifanyaje, ikiwa msumeno wenyewe unakula milimita 3?

Seremala_Mkongwe

Hapo sasa ndipo unapunguza, mwisho kabisa. Andika 1727, 1029 na 286. Zile milimita 3 za msumeno hazihusiki na hesabu yako: weka meno upande wa kipande kinachotupwa, mstari wa penseli ubaki kwenye ubao wako.

Ila urefu wa rafu usiukate kwa kufuata mchoro. Plaiwudi mara nyingi huwa nyembamba kidogo kuliko unene ulioandikwa, na upungufu huo wa kuta mbili unaingia ndani ya kabati. Simamisha fremu, gundi ikauke, kisha pima ndani juu, katikati na chini, kwa upande wa milimita. Ukikuta tofauti kati ya juu na chini, njoo uniambie kabla hujakata.