Naomba ushauri: mkanda wa klachi unapata moto baada ya kubadilisha matairi
Ndugu wanachama, habari zenu. Ninaishi Utah, Marekani, na ninaunda upya gari langu dogo la wazi la njia za milimani, ili mwezi ujao nizunguke njia ya milimani ya Paiute, hapa hapa Utah, yenye takriban kilomita 440 na miinuko inayozidi mita 3,000. Nimebadilisha bolijointi, beringi na shokapu, kisha nikafunga matairi ya inchi 32 badala ya 28, ambayo kwa kweli yanavuka mawe vizuri sana. Lakini tangu hapo mkanda wa klachi, yaani ule wa mpira unaopeleka nguvu ya injini kwenye gia, unapata moto na kunuka kila ninapopanda mlima, ingawa ni mpya, njia za hewa nimezisafisha na ninatumia gia ya nguvu. Je, niweke vyepesi zaidi vyuma vya uzito ndani ya klachi, vile vinavyoifanya ibane mkanda, au nirudishe matairi ya zamani? Na nibebe mikanda mingapi ya akiba?