Mama anataka kuona maporomoko ya maji Kilimanjaro, njia isomtesa magoti ipi?

BintiMichenzani: Asalaam aleikum wadau. Mama yangu kazaliwa Makunduchi huku Unguja kazeekea Makunduchi, maporomoko ya maji anayaona kwenye simu tu, sasa kanishikia bango anataka kuyaona kwa macho yake. Nimefikiria Materuni kule Moshi, nasikia unaenda kwa njia moja unarudi kwa nyengine ya mashambani bila kupanda mlima wenyewe. Shida magoti, ngazi za ghorofa ya pili tu anapumzika katikati. Na baba nae kashikilia kuwa ule mlima ni volkano, msende mkaripuliwa. Naomba wanijibu walokwenda, si walosikia.

KaskaziTupu: Kwetu maporomoko ni bati likivuja masika 😂 mlete nyumbani aje atazame bure

MwanaWete: Acha mzaha yakhe. Mie nshaenda na watoto. Unapita baina ya migomba na mibuni, na ile mifereji ya Wachaga wanayomwagilia inapita pembeni ya njia, mwendo wa taratibu saa moja hivi, bi mkubwa mpeni zaidi na bakora mkononi. Pagumu mwisho pale mnapokaribia maji, mawe yamerowa yanateleza, malapa asivae kabisa atafute raba zenye meno. Tena si lazima afike chini, yale maji yanaanguka zaidi ya mita 70, ukiwa mbali bado manyunyu yanakurowesha uso. Kuoga sikushauri, baridi yake utadhani yametoka frijini.

MtuWaMoshi: Karibuni sana. Gari inafika mpaka kijijini, na pale mchukue kijana wa hapohapo awaongoze, atamshika mama mkono kwenye mteremko. Mwambie mzee mlima una vilele vitatu, Shira na Mawenzi vilishazimika zamani sana, Kibo ndo imelala, kreta yake inatoa gesi kidogo lakini hakuna mlipuko wowote ulioshuhudiwa na kuandikwa. Na hizo ndizi anazokula za Moshi zinastawi kwa udongo huohuo wa volkano. Machi mpaka Mei msije, tope tupu. Magoti yakigoma kabisa kuna maporomoko ya Kinukamori, Marangu, kutembea ni kufupi zaidi.

MwanaWete: Enhe, na mkirudi mnapitia kwenye kahawa, wanaikaanga mbele yenu wanaitwanga kwenye kinu huku wanaimba, hapo mama wa Makunduchi atawafundisha yeye. Ila mkikaribishwa mbege msidhani uji wa ndizi, pombe ile!

Dago_la_Nungwi: Nyote mnazungumza njia ya miguu, mie naona balaa liko njiani. Boti mpaka Dar, halafu basi kutwa nzima kakunja miguu, magoti yatakufa kabla hajayaona hayo maji. Kama mfuko unaruhusu mkatie ndege ya kwenda KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, kama hauruhusu laleni Dar siku moja, na ndani ya basi mpe siti ya upande wa njia ya katikati aweze kunyoosha mguu.

BintiMichenzani: Hilo la basi wallahi sikuliwaza. Ahsanteni, basi inshaallah mwezi wa 7, yeye ataishia juu mie ntashuka nimpigie picha.

MtuWaMoshi: Mwezi wa 7 huku baridi kweli dada, kanga peke yake haitoshi, mnunulie sweta hukohuko Darajani kabla hamjatoka.