Enzaimu moja, sukari mbili, majibu hayafanani. Msaada wakuu

Binti_wa_Tabora
Wakuu habari za muda huu. Niko chuo hapa Tabora mwaka wa pili maabara, tumepewa asaimenti ya heksokinesi ya ubongo (enzaimu inayobandika fosfati kwenye sukari), data za spidi yake ikipewa glukosi na ikipewa fruktosi, zote milimola 1 mpaka 10. Nikichora fruktosi inapanda fresh tu ila glukosi imelala flati, sasa rumeti wangu anabisha eti enzaimu ni ileile so Km (kiwango cha sukari kinachofikisha enzaimu nusu ya spidi yake ya juu) lazima iwe moja, data mbovu nimrudishie ticha. Inakusanywa keshokutwa naombeni mawazo

MwanaUjiji
Rumeti wako akae pembeni kwanza 😂 Km si ya enzaimu peke yake mdogo wangu, inategemea umeipa nini. Hiyo ya ubongo kwa glukosi ni kama milimola 0.05, kwa fruktosi 1.5, mara 30 hapo. Weka milimola 1 kwenye fomula ya Michaelis na Menten (ya tangu 1913), glukosi iko asilimia 95 ya Vmax yake (spidi ya juu kabisa), fruktosi 40 tu. Yaani glukosi ilishajaa kabla hujaanza kuchora, ukienda mpaka 10 unaongeza kama asilimia 4, jicho litaona nini? Kona yake, pale grafu inapopinda, ungeitafuta milimola 0.01 mpaka 0.25 hivi

Muuza_Asali
Naunga mkono hoja. Ila usije ukaandika Km ndogo ndo enzaimu inakimbia zaidi, hapo maksi zinaliwa. Kulinganisha hizo sukari tumia kcat (enzaimu moja iliyojaa inageuza molekuli ngapi kwa sekunde) gawanya kwa Km. Na siku mkipima wenyewe kwa NADPH (inatengenezwa na enzaimu ya pili, dehidrojenesi, na inafyonza mwanga) pale nm 340, fruktosi bila isomerasi (enzaimu ya kugeuza fruktosi-6-fosfati kuwa ya glukosi) hamwoni kitu, inatoka fruktosi-6-fosfati wakati dehidrojenesi inataka ya glukosi

Mgebuka_Mkavu
Mi niko Kigoma siyo fani yangu, hii ya enzaimu moja kushika kitu kimoja kuliko kingine ndo maana aliyekunywa methanoli (spiriti yenye sumu) hospitali wanaweza kumpa ethanoli?

MwanaUjiji
Ndo hivyo mkuu. Enzaimu ya ini inaishika ethanoli kuliko methanoli, zikigombania methanoli inachelewa kugeuka asidi fomiki ile inayopofusha. Ila hiyo kazi ya daktari, mtu asijitibu na gongo

Binti_wa_Tabora
Asanteni sana kaka zangu. Sasa Km ya glukosi niandike ngapi na grafu haionyeshi?

Muuza_Asali
Andika iko chini sana ya 1, data hizi haziwezi kuitoa, na ueleze kwanini. Namba ya kubuni usiweke